Tufunike, Tusifute



Msiba unapoingia nyumbani, mojawapo ya vitu vinavyotafutwa mapema ni picha ya marehemu. Mara nyingi iliyo nzuri ni moja tu, nayo ni ya kundi: marehemu amesimama kati ya nduguze siku ya harusi. Miaka kadhaa iliyopita kazi hiyo ilitufikia sisi wenyewe. Tukachukua kifutio cha programu ya picha, tukawafuta wote waliomzunguka mama yule, kisha tukahifadhi kwa jina lilelile. Baada ya mazishi mwanawe akaja kuiomba ile ya harusi, kwani simu yake ilikuwa imepotea. Hatukuwa nayo tena. Hata ncha ya kilemba cha mamaye tulikuwa tumeifuta.

Tangu siku hiyo tunashikilia rai moja: anayemtenga mtu na mandhari ya picha atumie maski, asitumie kifutio. Maski ni mfano wa utando unaolazwa juu ya tabaka la picha. Panapopakwa nyeupe huonekana, panapopakwa nyeusi hufichika. Kijivu huonyesha kwa kiasi, nacho chafaa pembezoni mwa nywele na vitambaa, ambako mkato mkali hufanana na karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Katika Photoshop, herufi Q huleta maski ya haraka: sehemu isiyochaguliwa hufunikwa kwa wekundu, nasi tukarekebisha mipaka kwa brashi. GIMP, ipatikanayo bure, inayo maski kama hiyo. Ukikosea, badili rangi ya brashi, na kilichofichika kitarudi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni kujichosha, kwa kuwa programu za leo humchagua mtu kwa kubofya mara moja. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Lakini nazo hukosea kwenye nywele na vidole. Basi uteuzi wao ugeuzwe kwanza kuwa maski, upate kusahihishwa. Tena faili ya kazi ihifadhiwe kama PSD au XCF, kwa maana JPEG haibebi tabaka wala maski.

Haraka ya siku moja isiupokonye ukoo kumbukumbu zake. Tunayemhitaji leo aonekane. Waliosimama kando yake wafichwe tu, maana kesho watatafutwa wao.