Kufungua Shule Si Kutangaza Tarehe

Tarehe 22 mwezi wa pili 2021, watoto wa nchi yetu walirudi darasani kwa mara ya pili tangu korona ituingilie. Wazazi walifurahi, walimu walifurahi, na mimi pia. Lakini furaha isitufanye tusahau kuuliza: Serikali imezipa shule nini ili zifunguke bila kuwadhuru watoto, walimu, na wazee wanaolala nao nyumba moja? Maoni yangu ni kwamba tumepewa tarehe nyingi na msaada kidogo. Tena kuna sehemu moja ya msaada huo iliyosahaulika karibu kabisa, nayo ni lugha. Hiyo ndiyo sehemu isiyogharimu sana, na ndiyo inayotuhusu sisi wa kitivo hiki.

Tukumbuke jinsi mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Tarehe 18, Raisi Tshisekedi alitangaza kwamba shule na vyuo vikuu vitafungwa kwa majuma manne. Majuma manne yakageuka miezi. Wanafunzi wa mwaka wa sita wa shule ya msingi na wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari walirudi tarehe 10 mwezi wa nane. Wengine wote walingoja mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi. Halafu tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili, kabla ya Noeli, milango ikafungwa tena. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyekuwa darasa la kwanza korona ilipoingia alikaa darasani miezi miwili tu na siku chache katika muda wa miezi kumi na moja. Huyo ni mtoto aliyekuwa bado anajifunza kuunganisha herufi.

Wakati huo masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni. Radio Okapi ilianzisha Okapi École, na ni kazi ya kusifiwa. Lakini vipindi nilivyovisikia vilikuwa kwa Kifaransa, na vilidai nyumba yenye redio, betri, na mtu mzima wa kumfafanulia mtoto. Mtoto wa darasa la pili ambaye nyumbani husikia Kiswahili tu alisikia sauti, hakusikia somo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba shule zingebaki zimefungwa mpaka ugonjwa uishe. Shule iliyofungwa nayo inadhuru, na anayedhurika kwanza ni mtoto wa maskini.

Basi, kufungua kwa usalama kunadai nini? Kwanza, nafasi. Tangu mwezi wa tisa 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, kama Katiba ya 2006 inavyoagiza katika kifungu cha 43. Ni haki, wala nisingependa irudishwe nyuma. Lakini watoto waliongezeka kabla madarasa hayajaongezwa. Katika shule moja ya pembeni mwa mji nilikokuwa nikikusanya data za kazi yangu ya mwisho wa masomo, niliona watoto wanne kwenye benchi ya wawili. Ukimwambia mwalimu wa darasa hilo aache mita moja kati ya mtoto na mtoto, unamwambia awatoe nusu yao nje. Njia iliyopo ni zamu za asubuhi na mchana, na shule nyingi zinaijua tayari. Lakini zamu mbili ni kazi mara mbili kwa mwalimu yuleyule, na kazi inalipwa.

Hapo tunafika kwa walimu. Kila mmoja wetu anamjua mwalimu anayeitwa NP, yaani asiyelipwa na Serikali, ingawa anafundisha kila siku. Zamani alikula kwa pesa za wazazi. Shule ya msingi ilipokuwa ya bure, chanzo hicho kilikauka. Shule zilipofungwa, hata matumaini yalikauka. Mtu huyo mwaka 2021 tulimtaka awe mwalimu, mlinzi wa ndoo ya maji, mpima joto na mgawaji wa kashe-ne. Anaweza kukubali kwa moyo mwema, lakini Serikali isijenge mpango wake juu ya moyo mwema wa mtu mwenye njaa.

Tatu, maji. Agizo la kunawa mikono halina maana pale ambapo watoto wanachota maji mbali na kuyabeba kichwani.

Kuna watakaosema kwamba haya yote hayawezekani katika nchi kama yetu. Yamekwisha kufanyika, tena katika hali ngumu kuliko hii. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina na Beni. Mwezi mmoja baadaye mwaka wa shule ulikuwa unaanza. Shule hazikufungwa kwa jumla. Kwa msaada wa UNICEF na wengine, ndoo za kunawia ziliwekwa mlangoni, watoto walipimwa joto, walimu walifundishwa la kufanya wakiona mtoto mwenye homa. Ugonjwa huo uliua watu 2287 kabla haujatangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, na masomo yaliendelea hata mahali palipokuwa na vita. Kwa nini ujuzi wa Beni na Butembo haukugeuzwa kuwa mpango wa nchi nzima? Ulikuwepo, kwa watu wetu wenyewe, mwaka uleule korona ilipofika.

Ebola ilitufundisha na jambo la nne, la lugha. Shirika la Translators without Borders lilichunguza mawasiliano huko Kivu ya Kaskazini, likaona kwamba watu walitaka maelezo kamili kwa lugha wanayoisema, na kwamba Kifaransa au Kiswahili cha pwani kilichochapwa kwenye karatasi hakiwafikii wengi vizuri. Mwaka mmoja baadaye tumerudia kosa lilelile. Kwenye ukuta wa shule niliyoitaja palibandikwa karatasi ya Kifaransa iliyohimiza « gestes barrières ». Niliwauliza watoto wa darasa la nne maana yake. Watatu walinijibu kwamba barière ni pale barabarani, kamba inapofungwa na gari kusimama ili dereva atoe pesa. Walijibu sawasawa kabisa! Hiyo ndiyo maana ya neno hilo katika maisha yao. Kosa ni la aliyeandika, maana hakuuliza neno lina kazi gani mdomoni mwa msomaji wake.

Na Kiswahili chenyewe tusikitumie kwa uvivu. Nimeona karatasi nyingine iliyosema « vaeni barakoa ». Ni neno zuri, wenzetu wa Tanzania wanalijua. Hapa kila mtu, kuanzia muuza mkaa hadi profesa, anasema kashe-ne. Mzazi aliyesoma barakoa alidhani ni dawa. Hapa sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika hubishana sana: tuandike Kiswahili kipi, cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Goma, au kile sanifu cha vitabu? Kwa riwaya au tasnifu, ubishi huo ni mzuri na uendelee. Kwa karatasi ya kumkinga mtoto, jibu ni rahisi: andika neno ambalo mama yake analitumia sokoni, kisha mpe asome, au msomee, na umwombe akueleze alichoelewa. Akikosea, ubadilishe karatasi.

Wengine watanijibu kwamba wazazi wenyewe wanataka Kifaransa shuleni. Ni kweli, nao wana sababu zao, kwa sababu Kifaransa kinafungua milango ya kazi. Lakini sisemi tuondoe Kifaransa. Sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa, na vitabu vya Kiswahili vya madarasa ya kwanza vimekwisha kuchapwa. Ikiwa tunakubali kumfundisha mtoto kuhesabu kwa Kiswahili, hatuna sababu ya kumwonya juu ya kifo kwa lugha asiyoisikia.

Pesa zitatoka wapi? Mwezi wa sita 2020 Banki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kwa ajili ya elimu ya msingi ya bure katika nchi yetu. Kutafsiri ukurasa mmoja kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, kuujaribu kwa wazazi na kuuchapa, ni tone katika mto huo. Ndoo na walimu ni ghali zaidi, lakini hata hivyo ni kuchagua tu kipi kitangulie.

Kwa hiyo naiomba Serikali mambo manne, na kwa mpangilio huu. Pesa za maji na sabuni zifike shuleni kabla ya tarehe ya kufungua, si baada. Walimu NP walio darasani waandikishwe na walipwe, hasa wanaobeba zamu mbili. Mafunzo waliyopata walimu wa Beni na Butembo yapelekwe kwenye mikoa mingine, na walimu hao wenyewe wawe wakufunzi. Na kila agizo la afya linaloingia shuleni liandikwe kwa lugha ya taifa ya mahali pale, baada ya kujaribiwa.

Nasi tusibaki kuomba tu. Lubumbashi ndiko wanaisimu wa nchi hii walikokutana mwaka 1974 wakadai nafasi ya lugha zetu shuleni, na ndiko CELTA ilikozaliwa. Naomba walimu wetu wakubali kazi za mwisho wa masomo zinazohusu lugha ya afya, na idara yetu iunde kundi dogo la wanafunzi wa kutafsiri na kujaribu maagizo bila kungoja barua ya waziri. Kinachohitajika ni kalamu, karatasi, na asubuhi moja kila juma katika shule ya jirani. Wimbi lingine likija kabla ya likizo kubwa, angalau shule hizo ziwe na ukurasa mmoja ambao kila mama anaweza kuusoma au kusomewa, akajua la kufanya mtoto wake akiamka na homa.