Likizo Turkana: Bia Si Maji

Msomaji, ufuo si Mombasa na Malindi pekee. Ukifika Lodwar, iwe umetoka Nairobi au Nakalale, teremka hadi Eliye Springs: mchanga, mikoma na chemchemi za maji matamu kando ya Ziwa Turkana. Kuogelea? Waulize wavuvi kwanza, maana mamba wapo.

Ninalolalamikia mimi ni chupa. Wageni hupakia kreti za bia na kusahau maji. Joto la huko hupita nyuzi 35, na kwa kuwa hewa ni kavu, jasho hukauka kabla hujalihisi. Pombe nayo hukuongezea mkojo. Kichwa kikianza kuuma na mkojo kuwa wa manjano iliyokolea, ingia kivulini unywe maji. Mtu akiweweseka, mmwagie maji na kumkimbiza hospitalini Lodwar; hilo si jambo la kulala nalo.

Maji ya ziwa usinywe. Yana magadi, tena floridi nyingi, ile inayoharibu meno ya watoto wanaoyatumia kwa miaka.

Tembea alfajiri, pumzika mchana, rudi ufuoni baada ya saa kumi. Chandarua pia usikiache nyumbani. Hata jangwani mbu wapo.