Kinga ya kambo si ya makala



Juma hili tuzungumze juu ya mama ambaye amemaliza kazi. Huyu ni mwalimu aliyeweka chaki chini, yule ni muuguzi aliyerudisha blauzi yake nyeupe, mwingine ni mama wa soko aliyemwachia binti yake meza ya samaki. Tunasema ameingia pensheni, hata kama franka zenyewe za pensheni zinachelewa au hazifiki. Siku ya kumaliza tunamwimbia, tunampa kikwembe kipya, tunamwambia: "Mama, sasa upumzike."

Kesho yake asubuhi nyumba nzima inakumbuka kwamba Mama hana kazi. Mjukuu analetwa kabla jua halijapanda. Jirani ana matanga, nani atakaa jikoni? Mama yupo. Fundi wa maji anakuja, nani atamngojea? Mama yupo. Baba mwenye kustaafu anakaa chini ya mwembe na wenzake, wanacheza dame mpaka jua linashuka, na hakuna anayemuuliza. Mama akikaa nusu saa bila kushika kitu mkononi, wanamuuliza kama ni mgonjwa.

Kwa sababu hiyo leo tunaleta neno ambalo wengine watalicheka: kinga, yaani baiskeli. Tunasema juu ya mama mwenye mvi kupanda kinga, si kwa kubeba mzigo wala kwa kwenda soko, ila kwa kutembea saa moja na kurudi nyumbani akiwa amechangamka.

Sisi tumezoea kuona kinga kama chombo cha jasho. Hapa Lubumbashi vijana wanasukuma kinga zenye magunia ya makala kutoka porini mpaka mjini. Kisangani kinga zinabeba abiria, zinaitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Basi macho yetu yamejifunza mambo mawili: kinga ni ya kazi, na kinga ni ya wanaume. Kambo, au koko kama wanavyosema ndugu zetu wa Kivu, hana nafasi juu yake. Hayo mawili ndiyo tunataka kuyajibu.

"Watu watasema nini?"

Watasema si desturi ya mwanamke. Lakini wazungu wenyewe, waliotuletea kinga, walisema hivyo hivyo kwa wake zao. Miaka ya 1890 madaktari wengine wa Ulaya na Marekani waliwaonya wanawake kwamba kinga itawaharibu sura. Mwaka 1894 mama wa watoto watatu, Annie Londonderry, alitoka Boston kwa kinga kuzunguka dunia, na mwaka 1895 akamaliza safari yake. Sehemu kubwa ya njia alipita kwa meli, maana bahari haipandwi kwa kinga. Alianza na sketi ndefu, akaona inamsumbua, akavaa suruali. Leo hakuna anayeuliza kama sura yake iliharibika.

Watasema amezeeka. Kule Ufaransa kulikuwa na mzee Robert Marchand, aliyezaliwa 1911. Alirudi kwenye kinga kwa bidii alipokaribia miaka 70. Mwezi wa kwanza 2017, akiwa na miaka 105, alipiga pedali saa moja nzima na akafika kilometa 22 na nusu. Hatukuambii umfuate. Tunakuambia tu kwamba miaka 62 si mwisho wa miguu.

Watasema kinga ni ya maskini. Katika nchi ya Uholanzi kinga ni nyingi kuliko watu, na Mark Rutte, alipokuwa waziri mkuu, alikuwa akionekana akienda kazini kwa kinga. Umaskini hauko kwenye chombo.

Kinga inafanya nini mwilini

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Ya kadiri maana yake: pumzi inaenda mbio kidogo, lakini bado unaweza kuongea na mwenzako. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, OMS inaongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, siku 3 au zaidi kwa juma. Sasa piga hesabu: mama akipanda kinga saa moja, siku tatu kwa juma, ni dakika 180. Dakika zile 150 zimeshapita.

Kinga ni rafiki wa magoti, kwa kuwa uzito wa mwili unakaa kwenye kiti, haugongi chini kila hatua. Moyo unafanya kazi, mapaja yanapata nguvu, na usingizi unakuja vizuri. Lakini kinga haitoshi kwa mifupa. Mifupa inapata nguvu pale miguu inapobeba mwili, kwa hiyo usiache kutembea kwa miguu na kulima bustani yako.

Kuna wamama ambao lazima waone daktari au muuguzi kwanza: mwenye tansio ya juu ambayo haijatulia, mwenye kusikia kizunguzungu, mwenye maumivu ya kifua akipanda ngazi, na mwenye kuvunjika nyonga au goti. Mama mwenye ugonjwa wa sukari anayepiga sindano ya insulini asitoke bila kitu kitamu mfukoni, maana mazoezi yanashusha sukari.

Namna ya kuanza

Tafuta kinga ya chini, isiyo na chuma cha juu kinachopita kati ya miguu. Unapita mguu mbele, huurushi nyuma, na kikwembe hakikuvuki. Ikiwa hujawahi kupanda, mwambie fundi aondoe pedali zote mbili na ashushe kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini. Kisha sukuma kwa miguu kama mtoto anayecheza, polepole, uinue miguu kidogo kidogo. Mwili unajifunza wenyewe kusimama wima. Ukiweza kwenda hatua kumi bila kugusa chini, rudisha pedali. Ukishazoea, pandisha kiti: pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke karibu wote, goti likunjwe kidogo tu. Kiti cha chini mno ndicho kinacholeta maumivu ya goti, na watu wanasingizia uzee.

Jifunzie kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, si barabarani. Juu ya nguo, mama wa cherehani anajua kushona sketi iliyogawanyika katikati kama suruali pana. Inafunika vizuri, ina heshima, na haiingii kwenye mnyororo. Vaa viatu vilivyofungwa, si kandambili. Vaa kaske kichwani.

Kabla ya kutoka, fanya mambo matatu: kamata freni zote mbili uone kama zinashika, bonyeza mipira uone kama ina upepo, na piga kengele usikie kama inalia.

Tukisema kweli, hatari kubwa haiko kwenye magoti, iko barabarani. Malori ya mgodi hayamwoni kambo. Epuka barabara kubwa. Pita avenyu za ndani za kartie, upande wa kuume, asubuhi mapema, hasa Jumapili kabla magari hayajaamka. Miezi ya kiangazi, kuanzia wa tano, ndiyo mizuri kwa kujifunza: hakuna matope, na asubuhi ni baridi. Jifunge kitambaa puani juu ya vumbi. Na usiende peke yako. Wamama wawili au watatu wanaonekana, wanasaidiana mpira ukitoboka, na mwenye kucheka hapati nguvu ya kucheka watatu.

Kama franka ni kidogo, kikundi kinaweza kufanya likelemba ya kinga. Wamama sita wanaweka kila juma, kinga ya kwanza inanunuliwa, wote wanajifunzia juu yake wakati wanangojea ya pili. Kinga iliyotumika, ikipita kwa fundi mwaminifu, inatosha kabisa.

Neno lenyewe

Mpaka hapa ilikuwa rahisi. Sasa tuseme mahali ambapo mambo yanaharibikia, na hapo si barabarani, ni nyumbani.

Juma la kwanza Mama anapanda kinga yake, wajukuu wanapiga makofi. Juma la pili kijana wa nyumba anasema, "Mama, niazime kidogo, nachota bido mbili za maji." Juma la tatu gunia la unga linafungwa nyuma. Juma la nne ni makala. Mwisho wa mwezi chuma cha nyuma kimepinda, mpira umepasuka, kinga imeegemea ukuta, na kila mtu anasema atatengeneza kesho. Hakuna aliyemkataza Mama. Hakuna aliyegombana naye. Saa yake imechukuliwa kidogo kidogo, na kwa maneno matamu.

Wamama, tujiulize kwa nini inakuwa hivyo. Kinga ya kijana wa toleka hakuna anayeigusa, kwa kuwa inaleta franka. Kinga ya Mama inaleta nini? Inaleta Mama mwenye kulala usiku, mwenye kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, mwenye hadithi mpya ya kuleta mezani. Nyumba haioni hayo kuwa ni kitu mpaka siku Mama anaanguka kitandani, na hapo franka za hospitali zinatafutwa kwa machozi.

Basi, mama mwenye kustaafu, sema mapema. Kabla kinga haijaingia uwanjani, ita watoto na baba wa nyumba, mkae. Waambie siku tatu na saa yake: "Jumanne, Alhamisi na Jumapili, saa kumi na mbili mpaka saa moja ya asubuhi, mimi sipo." Waambie kinga haibebi mzigo. Waambie atakayeiazima bila ruhusa na ikaharibika, atalipa fundi yeye. Sema kwa upole, lakini usiseme kwa kuomba radhi. Ulilea, ulifundisha, uliuza, ulilipa shule. Saa tatu kwa juma si wizi.

Kuhusu baba: wengine wanaogopa maneno ya jirani kuliko wanavyokataa kinga yenyewe. Mpeleke uwanjani akuone. Akitaka kukushika kiti nyuma unapojifunza, mwache ashike. Wengine wataomba wajaribu, na hapo itabidi kutafuta kinga ya pili.

Na ninyi mabinti na wakwe mnaosoma ukurasa huu, neno hili ni lenu hasa. Ninyi ndio mnaoleta mtoto asubuhi. Mtoto alelewe na kambo wake, ni baraka kwa wote wawili. Lakini mlete baada ya saa moja. Mkipishana na Mama njiani juu ya kinga yake, msimwulize anaenda wapi wala kama anaweza kupitia soko. Mpungieni mkono, mmwache apite. Siku moja ninyi pia mtaweka chaki chini, na watoto wenu watafanya kile walichoona ninyi mkifanya.

Kwa mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kiulize wamama wake waliomaliza kazi swali moja: "Saa gani kwa juma ni yako peke yako?" Si lazima jibu liwe kinga. Linaweza kuwa kuimba, kufuma au kutembea kwa miguu. Lakini mama akikosa jibu, kikundi kisiondoke kabla ya kumsaidia kulipata.

Mubaki na amani.