Mazuku yapimwe kila alfajiri

Nafundisha fizikia Keshero, magharibi ya Goma, Kongo, na ombi langu ni moja: mazuku ya mitaa yetu, yaani mabonde yanayojaa gesi ya kuua, yawekewe vipimo vya infraredi, na namba zake zitangazwe redioni kila alfajiri, kwa Kiswahili, kabla watoto hawajatumwa maji Ziwa Kivu.

Infraredi hutambua gesi hata kwa mbali. Mwaka 1932, kwenye mlima Wilson huko California, Walter Adams na Theodore Dunham walichunguza mwanga wa sayari ya Zuhura kwa spektroskopu wakakuta sehemu fulani za infraredi zimefifia. Zilikuwa zimemezwa na kabonidayoksaidi. Hakuna chombo kilichokuwa kimefika Zuhura, lakini gesi yake ilikwisha kujulikana. Kati ya 2005 na 2007 watafiti walifanya kazi ya aina hiyo ukingoni mwa Nyiragongo, volkano yetu: ziwa la lava likawa ndiyo taa, wakasoma gesi za moshi wake.

Gesi hiyohiyo ya Zuhura hutoka kwenye nyufa za mawe yetu hadi kule Sake. Ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni. Usiku usio na upepo hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 hivi ya gesi hii. Ikifika 10, mtu huzimia upesi. Mbuzi na watoto hutangulia, maana pua zao ziko chini. Nimemwona mbuzi wa jirani amelala ndani ya shimo lisilofika kiuno, majani bado mdomoni, na mwenyewe anataka kushuka kumtoa. Tulimshika mikono. "Mama, ngoja jua."

Kibao chenye fuvu kando ya bonde hakitoshi. Alfajiri na mchana kinasema neno lilelile, na aliyepita hapo mchana akatoka salama hakiamini tena. Vita vilipowasukuma watu kuja Bulengo na Lac Vert, hema zilisimikwa kwenye mawe hayahaya, na wageni wale wangejuaje bonde lipi linaua?

Kipimo chenyewe si kikubwa. Ninacho kimoja darasani, kinaenea kiganjani: taa ndogo upande huu, kihisi upande ule, hewa katikati. Kabonidayoksaidi ikizidi, mwanga wa maikromita 4.3 unapungua na namba inapanda. Mwanafunzi akikipulizia, kinafika sehemu 5,000 kwa milioni na kugota. Ndio mwisho wake. Kwa mazuku vinatakiwa vya kufika asilimia 100, navyo vipo.

OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, ina wataalamu wanaoyajua mabonde haya, na chefu wa avenyu anajua nani anaishi kando yake. Zinakosekana fedha. Ufadhili wa OVG ulikatika 2020, na tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikapasuka bila watu kutahadharishwa. Serikali na wafadhili waanze na mabonde yaliyo karibu na shule na njia za maji, Keshero na Bulengo. Kusoma namba na kuzifikisha redioni, mimi na wanafunzi wangu tuko tayari.