Ulichochimba Mwenyewe Si Bure

Penye vijana wanaocheza gemu za mtandaoni hapa Arusha, iwe Sakina au Njiro, kuna hoja moja inayopita bila mtu kuipinga. Kijana ametumia jioni nzima kuchimba mawe na kuchuna ngozi ndani ya mchezo, amevipeleka kwa mhunzi, ametoka na upanga na kuuza. Fedha yote aliyopata anaihesabu kuwa faida. Muulize alitumia gharama gani, atakushangaa: gharama ipi, wakati malighafi amechimba mwenyewe?

Nasema hoja hiyo ni ya uongo, na inawafanyisha vijana kazi ya hasara huku wakijiona wajanja. Sisemi hivyo kama mzazi anayetaka simu zizimwe saa mbili usiku. Gemu hizi nazipenda, na ufundi wake naupenda kuliko mapigano yake. Mtu anayepuuza ufundi hana sababu ya kuhangaika na hesabu zake, mimi ninayo.

Nitumie Albion Online, kwa sababu pale hoja hii inaweza kupimwa kwa namba. Mchezo huo umetengenezwa na kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, ukazinduliwa Julai 2017, na tangu Juni 2021 unachezwa kwenye simu, kwa hiyo kijana wa Unga Limited asiye na kompyuta anaingia kama mwingine yeyote. Karibu kila silaha na kila vazi unaloliona mle limetengenezwa na mchezaji mwingine. Kwenye maeneo ya hatari, ukiuawa unapoteza ulichovaa na ulichobeba, na baadhi ya vitu huharibika kabisa. Kwa hiyo mahitaji hayaishi. Kama kuna mahali ambapo fundi angestahili kula jasho lake, ni pale.

Sasa tazama upanga wa kawaida wa daraja la 4. Unahitaji vyuma 16 vilivyoyeyushwa na ngozi 8 zilizosindikwa. Kila chuma cha daraja hilo kinadai mawe mawili ya madini ya daraja la 4 na chuma kimoja cha daraja la 3. Hicho cha daraja la 3 nacho kinadai mawe mawili na chuma kimoja cha daraja la 2, ambacho kinatoka kwenye jiwe moja. Ukiteremka hadi chini unakuta upanga mmoja umekula mawe 80, na ngozi zimekwenda kwa mpango uleule, ghafi 40. Jumla ni malighafi 120 kwa upanga ambao mtu anaweza kuupoteza kabla chai yake haijapoa.

Kweli, kituo cha kuyeyushia hukurudishia sehemu ya malighafi: karibu asilimia 15 katika miji ya kifalme, na zaidi ya asilimia 36 ukipeleka kwenye mji wenye sifa ya malighafi hiyo. Mawe ya madini yana nafuu Thetford, ngozi zina nafuu Martlock. Lakini nafuu hiyo ina masharti yake. Unapanda mnyama uliyemlemeza mizigo, unatoka mji huu kwenda mji ule, na mwendo wote huo ni dakika zako, chaji yako na bando lako.

Halafu fungua soko la mji wowote. Mawe ghafi yana bei, ngozi ghafi zina bei, chuma kilichoyeyushwa kina bei, na upanga wenyewe una bei. Vyote vimepangwa humo humo, havihitaji dalali. Tuseme, kwa mfano tu, malighafi yako ungeiuza kama ilivyo ungepata silva 12,000, fedha ya mchezo huo, nao upanga umeuuza kwa 10,000. Huyu kijana wetu anasherehekea 10,000. Ukweli ni kwamba amepoteza 2,000, ukiacha ada ya kituo na kodi ya soko, ambayo kwa asiyelipia Premium, yaani uanachama wa kulipia, ni mara mbili ya anayokatwa aliyelipia. Angeuza malighafi yake ilivyo, angekuwa na fedha zaidi na usingizi zaidi.

Lakini inawezekanaje kitu kilichotengenezwa kiuzwe chini ya kilichotumika kukitengeneza? Inawezekana kila siku, na sababu si siri. Mchezo humlipa fundi uzoefu kila anapotengeneza. Anayetaka kupanda ngazi hutengeneza panga mia, hana haja nazo hata moja, na anazimwaga sokoni kwa bei yoyote ili anunue malighafi nyingine. Yeye amenunua ngazi. Hasara anaijua na ameikubali. Wewe uliyekuja kutafuta faida unashindana naye bei, na yeye hatafuti faida. Hali ni hiyo hiyo kwenye World of Warcraft tangu 2004, na kwenye RuneScape, ambayo ni ya zamani zaidi. Wanaoanza hudhani soko limekosea. Soko halijakosea, limejaa wanaonunua ngazi na wengine walioziandika saa zao sifuri.

Wapo wanaopata, na ni vizuri kuwatazama. Katika mji wa Caerleon kuna soko jeusi ambalo mchezo wenyewe hununua vifaa vya wachezaji ili viangushwe na maadui wanaouawa. Mfanyabiashara anapita miji ya pembezoni, ananunua panga zilizomwagwa kwa bei ya kutupa, anazipitisha njia ya hatari na kuziuza Caerleon. Huyu hakuchimba jiwe hata moja. Anajua bei za miji yote, anajua safari inachukua dakika ngapi na ni safari ngapi kati ya kumi atavamiwa. Faida yake inatoka kwa anayenunua ngazi na kwa yule aliyesema malighafi ni bure.

Hapo nasikia wadogo zangu wakinijibu: tunacheza kwa kujifurahisha, hesabu za nini? Hilo nalikubali bila ubishi. Anayechimba kwa sababu anapenda kuchimba amekwisha kulipwa, na sina neno naye. Anayejenga nyumba kwenye Minecraft peke yake hana soko wala mshindani; kutengeneza ndiyo gemu yenyewe. Ninayepingana naye ni yule anayelalamika kwamba kuchimba kunachosha, anachimba kwa saa tatu huku amenuna, kisha anasema amepata upanga wa bure. Huyo hajafurahi na hajapata.

Wala sisemi kwamba ufundi wa gemu hauna thamani popote. EVE Online, iliyotolewa na kampuni ya CCP ya Iceland mwaka 2003, imejengwa juu ya viwanda vya wachezaji. Katika vita vya Januari 2014 kwenye mfumo wa nyota uitwao B-R5RB ziliteketea meli kubwa za daraja la Titan zaidi ya 70, na kila moja ilikuwa imejengwa na wachezaji kwa wiki nyingi, kwa mipango, kwa watunza hesabu. Pale mjenga meli hudharau kabisa usemi wa kwamba madini yako ni bure. Wajenzi huwafundisha wageni kwamba usemi huo ni kosa la kwanza la kuepuka.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni Star Wars Galaxies, ya 2003. Mle madini hayakuwa sawa. Aina fulani ya chuma ilijitokeza kwenye sayari fulani kwa siku chache, ikiwa na ubora wake wa pekee, kisha ikatoweka isirudi. Fundi alipaswa kujua ni sifa ipi ya chuma inafaa kwa bunduki na ipi inafaa kwa deraya, awe amehifadhi shehena kabla haijaisha, afanye majaribio, ahatarishe. Watu wawili wenye kiwango kimoja walitoa bunduki mbili tofauti. Mafundi walijulikana kwa majina, wateja wakavuka sayari kuwafuata. Mwaka 2005 mchezo ule ulibadilishwa ili uwe mwepesi kwa wengi, ufundi ukapoteza uzito wake, na Desemba 2011 ulifungwa. Pale saa ya fundi ilikuwa na bei kwa sababu kichwa chake kilitumika. Kwenye gemu nyingi za leo unabonyeza kitufe, mstari unajaa, kitu kinatoka, na wenzako laki moja wanatoa kilekile.

Kwa nini nalifanya hili jambo kubwa? Kwa sababu imani hii haibaki ndani ya simu. Nenda Soko la Wamasai hapa mjini, keti karibu na mama anayeuza mikufu. Shanga za kioo amenunua, nyingi za aina hiyo zimetoka eneo la Jamhuri ya Czech ya leo kwa zaidi ya karne, na siku hizi China. Uzi amenunua. Hizo fedha anazikumbuka hadi shilingi ya mwisho. Mgeni anapomshusha bei, yeye anashuka hadi kwenye bei ya shanga na uzi, anaongeza kidogo, anauza. Siku mbili alizokaa kivulini akihesabu nyekundu, nyeupe, buluu, akifumua alipokosea na kuanza upya, hazimo kwenye bei. Ukimuuliza atakwambia mkono ni wake. Mteja anajua hivyo, na ndiyo maana anaendelea kushusha.

Nenda Mererani kule chini, ambako tanzanite imechimbwa tangu 1967. Wanaapolo wengi, yaani wachimbaji, wameshuka kwenye maduara, mashimo ya mgodi, bila mshahara, kwa chakula na ahadi ya mgawo siku jiwe likitoka. Mafuriko ya 1998 na ya 2008 yaliua makumi ya wachimbaji mle chini. Siku ambayo jiwe halikutoka imeandikwa sifuri, kana kwamba mtu hakushuka. Na jiwe likishatoka, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi ya kulikata imefanyika Jaipur, India, ambako saa ya mkataji ina bei. Kijana aliyezoea kusema nimechimba mwenyewe kwa hiyo ni bure atakubali mkataba wa namna hiyo bila kuuliza swali la pili.

Hoja ya mwisho ya wanaonipinga ndiyo nzito, nami siikwepi. Wanasema kijana hana ajira. Saa zake zingepotea vijiweni, kwa hiyo hata silva mia ni nyongeza. Kwanza, hata ndani ya mchezo hoja hiyo haisimami. Mchimbaji asiye na kazi nyingine anaweza kuuza mawe ghafi, na kama yana bei zaidi ya upanga, kutengeneza upanga ni kuchagua kipato kidogo. Kukosa ajira hakubadilishi hesabu hiyo hata kidogo. Pili, sikubali kwamba saa ya kijana wa Arusha asiye na ajira ni ya thamani sifuri. Kutokuwepo mtu wa kuilipa leo ni jambo moja. Yeye mwenyewe kuiandika sifuri ni jambo jingine, na hilo la pili liko mikononi mwake. Achukue daftari kwa wiki moja. Aandike saa alizochimba, mawe aliyopata, bei ya mawe siku hiyo, bei aliyouzia kitu, kodi iliyokatwa. Kama chuma cha Thetford kitamlipa kuliko mawe yake, ayeyushe kwa moyo mmoja. Kama hakimlipi, auze mawe yalivyo, na jioni iliyobaki aitumie anavyotaka.