Usiwaambie Watupe Vidonge

Ndugu mwandishi uliyewashauri wagonjwa wa sonona wavitupe vidonge mara tu wanapopata nafuu, ushauri wako ni wa hatari. Ni kweli kwamba wengi hawahitaji kuvimeza maisha yao yote. Lakini nafuu hiyo mara nyingi ni kazi ya dawa yenyewe, ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu akae kwanza miezi 9 hadi 12 bila dalili, kisha dozi ishushwe polepole kwa wiki 4 au zaidi.

Chukua mama wa Nyamongo anayemeza amitriptilini, dawa ya sonona, vidonge vitatu vya miligramu 25 kila usiku. Akiacha ghafla, ndani ya siku chache tu anaweza kukosa usingizi, kusikia kichefuchefu, kutoka jasho na kukasirika ovyo. Nyumbani watasema ugonjwa umerudi, au karogwa. Akishuka hadi viwili, akatulia wiki kadhaa, ndipo kimoja, mwili unapata nafasi ya kuzoea.

Kubadili dawa nako kuna hatari zake. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa, na hupandisha kiwango cha amitriptilini kwenye damu; kuzichanganya kiholela kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Tena wapo wasioacha kwa hiari: nauli ya kwenda Tarime mjini au Mugumu imekosekana, au dirisha la dawa limejibu hakuna. Hao ungewaandikia warudi kliniki wakiwa bado na vidonge vya wiki mbili mkononi, wapangiwe namna ya kushuka.