Mbwa hachimbi, anaonyesha pa kuchimba



Juma hili tunaongea juu ya mbwa. Tunajua wengine watacheka. Hapa kwetu Burungu mbwa analinda nyumba ao anafuata wachunga ng'ombe, na akikaribia sufuria ya maharagi anatupiwa jiwe. Lakini kuna mbwa wanaofundishwa kazi moja tu: kutafuta mtu aliyepotea ao aliyefunikwa. Na sisi wa Masisi tunajua uchungu wa kutafuta mtu.

Tunakumbuka tarehe 2 Aprili 2023, kule Bulwa, katika teritware hii yetu. Wamama na watoto walikuwa chini ya mlima, kwenye maji, wakifua nguo na kuosha vyombo. Udongo ukashuka. Watu karibu 20 walikufa, wengi wao wamama na watoto. Siku kama ile majirani wanakuja na majembe, kila mmoja anachimba mahali pake, na hakuna anayejua aanzie wapi.

Hapo ndipo mbwa anasaidia. Mwili wa mtu unadondosha vipande vya ngozi vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo vinabeba harufu yake. Nyumba ikianguka, harufu ya aliye ndani inapanda kupitia nafasi za katikati ya mbao na mawe. Mbwa anaisikia, anasimama pale na kubweka. Kwenye matope mazito kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu harufu haipati njia. Kuna mbwa wengine wanaonusishwa nguo ya mtu mmoja, kisha wanafuata njia aliyopita yeye peke yake.

Anafundishwaje? Kwa mchezo ambao watoto wetu wanaupenda: kujificha. Mtu anajificha karibu na mpira ao kipande cha nyama mkononi. Mbwa akimpata, anapewa na kusifiwa. Kesho mtu anajificha mbali zaidi, kesho kutwa ndani ya mabomoko, usiku, kwenye mvua. Mara nyingi miaka miwili hivi inapita mbele ya mbwa na mwenzake kukubaliwa. Kule Uswisi kuna chama kinachoitwa REDOG, tangu mwaka 1971. Watu wake ni wa kujitolea: wana kazi zao nyingine, wanaishi na mbwa nyumbani, na wanafanya mazoezi siku za mapumziko.

Hata hapa Kivu mbwa wa kufuata harufu wapo. Mwaka 2011 Parke ya Virunga ilianza kikosi cha mbwa wenye masikio marefu, kwa msaada wa daktari wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Mwezi wa Machi 2012 mbwa hao walifuata harufu ya watu waliomuua tembo na kukata pembe zake. Lakini wale ni wa walinzi wa parke, nasi hapa kijijini hatuna. Je, tukae tu?

Hapana, wamama. Tujifunze kutoka kwa wale wanaofanya kazi na mbwa:

Kwanza, waulize: nani alikuwa wapi? Mama anayejua kwamba jirani yake alikuwa kwenye jiko, na watoto kitandani, anaonyesha pa kuchimba.

Pili, nyamazeni. Tunajua kilio hakizuiliki. Lakini kila mara mmoja asimamishe kazi, wote wakae kimya, aite jina, wasikilize. Aliye chini hana nguvu ya kushinda kelele zetu.

Tatu, mtu mmoja aangalie mlima. Udongo ulioshuka mara moja unaweza kushuka tena juu ya wanaochimba.

Nne, mtoto akipotea, wekeni nguo yake ambayo haijafuliwa ndani ya mfuko safi, isishikwe-shikwe, na watu wasikanyage mahali alipoonekana mwisho. Siku mbwa wakiletwa, hiyo ndiyo barua watakayosoma. Mkipotezana naye wakati wa kukimbia, pelekeni jina lake haraka kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao moja ni kutafuta watoto waliotengana na wazazi.

Na mvua ikinyesha siku nyingi, ardhi ikipasuka juu ya kilima, tusifue chini yake. Nguo chafu zinaweza kungoja.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kichague wamama wawili: mmoja wa kujua nani analala wapi, mwingine wa kusema "kimya" na kusikilizwa. Tuwachague sasa, mvua ingali mbali.

Tutaonana juma lijalo.